Ukilipa kwa kadi mtandaoni, soma meseji ya benki yote, si zile tarakimu sita tu

#1 FundiTaa_Kirumba (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Mimi ni fundi wa taa za wavuvi wa dagaa, hapa Kirumba, Mwanza, siyo mbali na soko la samaki la Mwaloni. Zamani kazi ilikuwa karabai, siku hizi ni taa za betri na sola, na vipuri vyake vingi naagiza nje: chaja, saketi za kulinda betri, vitaa vya LED. Nalipa kwa kadi ya benki. Mwezi ukiwa mkubwa wavuvi wa dagaa wanapumzika na taa zinaletwa kwangu, giza likirudi zote zinatakiwa ziwe ziwani. Malipo yakigoma siku mbili, kuna mtu anakosa usiku wake wa kuvua. Kwa sababu hiyo nimelazimika kuujua huu uhakiki wa kadi vizuri kuliko nilivyopanga.

Ila leo sijaja kuongelea vipuri. Nimekuja kwa ajili ya mdogo wangu anayeuza vitenge Makoroboi. Wiki tatu zilizopita alipoteza TSh 684,300, na tarakimu sita zilizoitoa hiyo hela aliziandika yeye mwenyewe. Nimemwomba ruhusa kabla ya kuandika, akasema andika, wengine wasipite nilipopita.

Ilikuwa hivi. Alikuwa anasubiri mzigo kweli. Ikaingia meseji kwamba mzigo umekwama, alipie TSh 4,500 za utunzaji, na linki chini yake. Akafungua, akakuta ukurasa wenye rangi na nembo ya kampuni ya usafirishaji anayoifahamu. Akaweka namba ya kadi, tarehe ya kuisha na zile tarakimu tatu za nyuma. Ukurasa ukazunguka kidogo, kisha ukamwambia aweke namba ya uthibitisho iliyotumwa kwenye simu. Na kweli simu ikalia palepale. Meseji ya benki yake, kwa jina lilelile ambalo benki humtumia siku zote. Akaweka. Dakika haijaisha, hela imekatwa.

Jioni nikaishika ile simu mwenyewe. Meseji ina mistari mitatu. Wa kwanza una namba sita. Wa pili, kwa Kiingereza, una jina la duka ambalo hajawahi kulisikia, kiasi TZS 684,300 na tarakimu nne za mwisho za kadi yake. Wa tatu unasema usimpe mtu yeyote namba hii. Kila kitu kilikuwa kimeandikwa! Lakini meseji ilivyotokea juu ya kioo, kilichoonekana ni mstari wa kwanza tu, na chini yake simu imeweka kitufe cha kunakili namba. Akabonyeza kitufe, akabandika. Ile meseji hakuifungua kabisa. Mbele yake kulikuwa na mama ameshika kitenge anauliza bei.

Sasa nieleze kilichotokea nyuma ya pazia, maana bila kukielewa hiki utaendelea kudhani OTP, yaani ile namba ya uthibitisho ya kutumika mara moja, ni nywila nyingine tu.

Kwenye malipo haya kuna pande tatu. Kuna duka na benki ya duka, kuna benki iliyokupa wewe kadi, na katikati kuna mtandao wa kadi, yaani Visa, Mastercard na wenzao. Ndiyo maana mfumo unaitwa 3-D Secure: hiyo 3-D ni pande tatu, haina uhusiano na picha za sinema. Visa waliuanzisha mwaka 2001, wenzao wakafuata. Duka likitaka kuhakiki, halikuulizi wewe. Linauliza benki yako kupitia mtandao wa kadi: huyu aliyeweka kadi hii ni mwenyewe? Benki ndiyo inayokutafuta, kwa meseji au kwa programu yake kwenye simu. Ukijibu, benki inaliambia duka: ndiye.

Kwa hiyo ile namba ni sahihi yako kwenye hati ya malipo. Hati yenyewe ni mstari wa pili wa meseji: nani analipwa, kiasi gani. Tapeli alichukua kadi ya mdogo wangu kwenye ukurasa wake feki, na wakati uleule akaiweka kwenye duka la kweli, kwa bidhaa ya kweli. Duka likauliza benki, benki ikamwandikia mdogo wangu, mdogo wangu akatia sahihi kwenye karatasi ya tapeli. Uhakiki haukuvunjwa. Ulifuata kila hatua, na hela ikaenda.

Nawaomba sana: kabla hujaandika ile namba, fungua meseji. Tafuta jina la duka na kiasi. Kisicholingana na unachonunua, usiandike hata tarakimu moja.

Mwenye swali aulize, ninachokijua nitajibu.

---

#2 MamaKisesa

Pole sana kwa mdogo wako, kaka. Hiyo hela ni mtaji wa mtu kabisa.

Swali langu: mimi mara nyingine nalipa nje, hela inakatwa bila kuulizwa namba yoyote. Sijui meseji, sijui nini. Ina maana kadi yangu iko wazi?

---

#3 FundiTaa_Kirumba

Asante mama. Hapo kuna mambo mawili tofauti, na watu wengi wanayachanganya.

La kwanza, unaweza kuwa umehakikiwa kimyakimya. Toleo jipya la mfumo huu lilitolewa mwaka 2016 na EMVCo, chombo cha pamoja cha mitandao ya kadi, na lile la zamani likaondolewa 2022. Toleo jipya linaruhusu duka kuipelekea benki taarifa nyingi kuhusu malipo: kifaa unachotumia, kivinjari, lugha, saa za eneo ulipo, mzigo unapelekwa wapi, kiasi. Benki inalinganisha na mwenendo wako. Simu ileile, duka lilelile, kiasi cha kawaida? Inapitisha bila kukusumbua. Ukiwasha VPN, yaani programu inayoficha ulipo, ikaonyesha uko Uholanzi, ndipo unapoanza kuulizwa maswali, au unakataliwa moja kwa moja. Hilo limenikuta kwenye meza yangu ya kazi, nikahangaika nusu siku kumbe ni VPN niliyoisahau.

La pili, duka lenyewe halikuuliza kabisa. Ulaya sheria inawabana: tangu 14 Septemba 2019 malipo ya mtandaoni kwa kadi yanatakiwa yahakikiwe kwa vitu viwili kati ya vitatu, yaani unachokijua kama nywila, ulicho nacho kama simu, na ulivyo kama alama ya kidole. Kuna misamaha, kwa mfano malipo yasiyozidi euro 30. India walitangulia mbali, tangu 2009. Marekani hakuna sheria ya namna hiyo, maduka mengi ya kule yanapitisha kadi kwa namba, tarehe na tarakimu tatu basi.

Na hapa sikiliza vizuri, maana ndipo hela ilipo. Duka lisipohakiki na kadi ikawa ya wizi, kwa kawaida hasara inaliangukia duka. Likihakiki, hasara inahamia kwa benki iliyotoa kadi. Na benki ikiona namba iliandikwa sawasawa, inakugeukia wewe: uliidhinisha mwenyewe. Ukikatwa kwenye duka lisilouliza, madai yako yana nguvu. Mdogo wangu yuko upande ule mwingine.

---

#4 Mvuvi_Ukara

Mkuu taa zangu mbili ziko kwako, hilo tutaongea pembeni.

Mimi niko Ukara. Huku mtandao unakuja na kuondoka. Nalipia kitu, namba inafika baada ya dakika ishirini, nikiweka naambiwa muda umeisha. Nabonyeza tuma tena, tuma tena, zinakuja tatu kwa pamoja na hakuna inayokubali. Mwisho kadi imefungwa. Tufanyeje sisi wa visiwani?

---

#5 Karani_Nyamagana

Nijibu hili, nafanya kazi benki hapa mjini, tawi silitaji.

Kaka wa Ukara, kila ukibonyeza "tuma tena" ile namba ya mwanzo inakufa. Zikifika tatu kwa pamoja, iliyo hai ni ya mwisho kutumwa, na ya mwisho kutumwa siyo lazima iwe ya mwisho kufika. Ukibahatisha mara kadhaa, mfumo unaona mtu anakisia na unafunga. Bonyeza mara moja, subiri. Imeshindikana, acha oda ife, anza upya baadaye.

Suluhisho zuri zaidi kwa visiwani ni kuidhinisha ndani ya programu ya benki, kama benki yako inayo huduma hiyo. Pale haitumwi meseji. Inatokea kwenye kioo: duka fulani, kiasi fulani, kubali au kataa, unaweka PIN au kidole. Inatumia intaneti, kwa hiyo hata Wi-Fi ya jirani inatosha. Na kwa kesi kama ya mdogo wake mwanzisha uzi ni salama zaidi, kwa sababu hakuna namba ya kunakili kwenda kwenye ukurasa wa mtu. Unalazimika kukiona kiasi.

Jambo jingine ambalo kaunta tunakutana nalo kila siku: laini. Mteja alifungua akaunti miaka minane iliyopita kwa laini ambayo hana tena. Namba zinatumwa huko. Analalamika duka la nje ni bovu, kumbe duka halina kosa. Baya zaidi, laini ikikaa bila kutumika kampuni ya simu inaweza kumuuzia mtu mwingine, na huyo mtu ndiye anapokea namba zako za uthibitisho. Njoo tawini na kitambulisho chako cha NIDA ubadilishe. Na piga *106# uone ni laini zipi zimesajiliwa kwa kitambulisho chako. Ukikuta usiyoitambua, nenda ikafutwe.

---

#6 FundiTaa_Kirumba

Wabeja sana karani. Hilo la laini mimi mwenyewe lilinitesa. Kuna mwaka nilikuwa na taa kumi na nne za mtu wa Igombe, giza limebaki siku tisa, kadi inakataa. Nikaandikia duka, wakajibu kwa upole: tatizo liko kwa benki yako. Nikaenda benki, kwenye faili kuna laini niliyoiacha kabla ya usajili wa alama za vidole. Karatasi moja, sahihi moja, kesho yake nimelipa.

Wakuu, kadi ikikataa kwenye hatua ya uhakiki, anzeni benki. Duka haliijui namba yako ya simu ya benki, na haliwezi kuibadilisha.

---

#7 Mwanachuo_Malimbe

Kaka, mimi duka moja la nje liliniambia nitume picha ya kitambulisho na picha ya kadi mbele na nyuma. Nikaogopa nikaacha. Ni halali?

---

#8 FundiTaa_Kirumba

Mdogo wangu, kuogopa kwako kulikuwa na maana. Huo ni uhakiki mwingine kabisa, benki haihusiki. Ni duka lenyewe linajilinda, hasa oda ya kwanza, kiasi kikubwa, kadi ya nchi moja na mzigo unakwenda nchi nyingine. Maduka ya kweli huuliza, matapeli nao huuliza.

Kwanza hakikisha ombi liko ndani ya akaunti yako kwenye tovuti yao. Barua pepe peke yake haitoshi. Tovuti ifungue wewe kwa kuandika anwani, usifuate linki.

Kadi ya mbele, ziba namba za katikati. Za kubaki ni sita za mwanzo, ambazo zinaonyesha tu benki iliyotoa, na nne za mwisho. Ya nyuma usitume. Zile tarakimu tatu, kanuni za usalama za mitandao ya kadi zinalikataza duka kuzihifadhi baada ya malipo kupita, hata kwa kuzificha kwa usimbaji. Duka linalotaka picha yake linataka kitu lisichoruhusiwa kukaa nacho. Mimi hapo naondoka, bidhaa iwe nzuri vipi.

Kitambulisho, kama umeamua kutuma, andika juu ya picha kwa herufi kubwa: "Kwa ajili ya oda ya duka fulani tu", na tarehe. Namba ya NIDA ina tarakimu 20, nane za mwanzo ni tarehe yako ya kuzaliwa. Ukiitupatupa umetupa na hiyo.

---

#9 DadaBuswelu

Na wale wanaotaka "zip code"? Mimi naweka 00000 siku zote, mara inakubali mara inagoma.

---

#10 FundiTaa_Kirumba

Acha sifuri, dada. Kule Marekani, Kanada na Uingereza kuna uhakiki wa anwani: duka linapeleka namba ya nyumba na msimbo wa posta, benki inajibu vinalingana au la. Kadi zetu kwa kawaida hazimo kwenye utaratibu huo, lakini mashine za duka zinaziona sifuri tano na kukuhesabu mtu wa mashaka. Weka msimbo wa kweli, kwetu Mwanza unaanzia na 33, wa kata yako utaupata kwenye anwani za makazi zilizowekwa 2022. Jina nalo liandike kama lilivyo kwenye kadi. Kama kadi inasema majina mawili, usiweke matatu.

---

#11 Jembe_Buzuruga

Nimesoma uzi wote. Samahani mkuu, lakini ukweli usemwe: kosa ni la mdogo wako. Benki ilimwandikia usimpe mtu. Akatoa. Mfumo ulifanya kazi yake. Tusiwalaumu benki kwa watu wasiosoma.

---

#12 FundiTaa_Kirumba

Mkuu, sijakasirika, maana na mimi siku ile nilimwambia hivyohivyo, na nimemwomba radhi.

Nifikirie nawe. Meseji inasema usimpe mtu. Yeye hakumpa mtu. Kwenye akili yake mtu ni yule anayepiga simu akijifanya benki, anayeomba namba kwa sauti. Hao anawajua, alishawakatia simu mara nyingi. Huu ulikuwa ukurasa, na kila akilipia kitu halali, ukurasa ndio unaoomba namba na namba inaandikwa kwenye ukurasa. Tumemfundisha miaka yote kwamba namba inaandikwa pale. Siku ya tapeli akafanya tulichomfundisha.

Halafu kile kilichoweza kumwokoa, yaani kiasi na jina la duka, kimewekwa mstari wa pili, kwa lugha ambayo hakusomea vizuri. Mama anauza vitenge Makoroboi, kafungua akaunti kwa Kiswahili, kasaini fomu ya Kiswahili, kwa nini onyo la shilingi laki sita limfikie kwa Kiingereza? Ninachoomba ni kidogo: meseji ianze na "UNALIPA TSh 684,300 KWA" jina la duka, kwa Kiswahili, na namba ije mwisho. Hiyo peke yake, hata na mteja mbele yake, angeona laki sita mahali pa elfu nne na mia tano. Angeshtuka.

Nimeiandika kwa barua nikaipeleka tawini kwao. Nawaomba na ninyi mwandike kwenye benki zenu.

---

#13 Karani_Nyamagana

Barua kama hizo zinasomwa, nami ya kwetu nitaipandisha.

Kwa yeyote litakalomkuta: dakika ileile funga kadi, kwenye programu au kwa namba iliyo nyuma ya kadi. Usipige namba iliyoandikwa kwenye meseji. Kisha njoo ujaze fomu ya madai, hata kama namba uliandika wewe. Kwa madai mengi mitandao ya kadi hutoa hadi siku 120, lakini usisubiri, kwa sababu mzigo ambao haujatoka dukani unaweza kuzuiwa. Ripoti polisi upate karatasi. Ile meseji ya linki, itume pamoja na namba iliyoituma kwenda 15040, ni bure.

Na kadi ya manunuzi ya mtandaoni isiwe ile yenye akiba yako. Tumia kadi pepe, ile ya kwenye programu isiyo na plastiki, au akaunti ya pembeni, weka kiasi cha oda tu.

---

#14 MamaKisesa

Mrejesho tafadhali kaka, dada alirudishiwa?

---

#15 FundiTaa_Kirumba

Hapana mama. Jibu lilitoka juzi: namba iliandikwa sahihi, malipo yanahesabika yameidhinishwa. Tumekata rufaa kwa maandishi, tunasubiri. Familia tumechanga, stoo yake haijafungwa.

Jana alikuwa na oda ya vitenge ya kulipia, akaja nayo kwangu Kirumba akakaa kwenye benchi la wateja. Simu ikalia, kitufe cha kunakili kikatokea juu ya kioo. Hakukigusa. Akafungua meseji, akaisoma kwa sauti neno kwa neno, palipomshinda akaniuliza: jina la duka, kiasi, tarakimu nne za kadi. Akafungua daftari lake akalinganisha kile kiasi na alichokiandika kwa kalamu asubuhi. Kisha akaandika namba.

Mvuvi wa Ukara, taa zako ziko tayari, tuma mtu kesho kabla ya boti ya mchana.